Nukta Kando ya Neno Kifua

Jumatatu, 22 Machi 1993

Leo Daktari Jyotsna ameniwekea mezani madaftari tisa yanayonuka panya na dawa ya nondo. "Sista," akasema, "haya ni mali yako." Hakukosea. Mwandiko ni wangu kuanzia ukurasa wa kwanza.

Nilianza unesi kwa baba yake, Daktari Ravindra, mwaka 1963, katika zahanati hii hii ya Mtaa wa Narung'ombe. Mwaka 1977 matibabu ya binafsi ya kibiashara yalipigwa marufuku. Mzee akafunga mlango, nami nikaenda kumalizia utumishi wangu serikalini. Alifariki bila kuufungua tena. Ruhusa iliporudi, binti yake akapaka kuta chokaa, akanikuta uani kwangu nachambua mchele. "Njoo unishikie rejista, Sista. Sina mwingine anayeujua mtaa huu." Nina miaka sitini na sita. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Anachotaka sasa ni hiki. Tangu afungue, Februari mwaka jana, anawaona vijana wa miaka kumi na minane hadi thelathini wanaoanza pumu, watu ambao utotoni hawakuwahi kubanwa hata siku moja. Wenzake wanamwambia pumu ni ugonjwa wa watoto. Anataka kujua kama hili ni jambo jipya au lilikuwepo siku zote. "Nihesabie," akasema. "Zamani wangapi, sasa wangapi."

Nitaandika shajara hii mpaka hesabu iishe, ili nikisahau nilivyohesabu niweze kurudi nyuma nikasoma.

Nyumbani tuko wawili. Badria ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Yuko nami tangu ana miaka sita, sasa anayo ishirini na tano. Anauza mitumba Mtaa wa Kongo pamoja na rafiki yake Zamzam. Amekuja kufuturu na vumbi la belo la nguo kwenye kope, anakohoa.

Alhamisi, 25 Machi

Idi. Pilau lilitoka vizuri.

Alasiri alikuja Bi Kuruthumu, mama yake Abdulmalik, kijana wa forodha anayemtaka Badria. Alisifu pazia, akaulizia afya ya kila mtu mpaka ya paka. Badria akaleta chetezo, udi unafuka, kama inavyostahili kwa mgeni wa heshima. Bi Kuruthumu akasimama, chai haijafika nusu. "Nimeacha mlango wazi," akasema, akatoka ameziba pua kwa mtandio.

"Mlango wazi siku ya Idi?" Zamzam akasema. "Huyu mama anajisikia. Udi wetu wa Kariakoo haumtoshi, kazoea wa Maka."

Nilimkemea, lakini moyoni niliona vivyo hivyo. Harusini, maulidini, miaka nenda miaka rudi, mwanamke huyu ndiye wa kwanza kuondoka.

Jumapili, 28 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Uani kumejaa maji hadi kifundo cha mguu.

Jumatano, 31 Machi

Naeleza hesabu yenyewe, kwa sababu hata Daktari ilibidi tuelewane kwanza.

Hajauliza wagonjwa wa pumu ni wangapi. Ameuliza wanaoianza ni wangapi. Hayo ni maswali mawili. Ukichungulia pipa la maji unaona yaliyomo, hujui ni ya leo au ya wiki iliyopita. Ukitaka kujua bomba linatoa kwa kasi gani, utazame yanayoingia. Pumu haiondoki upesi, kwa hiyo pipa lake hujaa hata kama bomba linadondosha tu. Mimi natazama bomba.

Pili, idadi peke yake haisemi kitu. Vijana kumi walioanza pumu katika kundi la mia ni balaa. Katika kundi la elfu kumi ni habari ndogo. Kwa hiyo kwanza nahesabu vijana wote waliokuja zahanati kwa ugonjwa wowote, hata wa jino, halafu ndani yao natafuta walioanza pumu. Nimechukua miaka mitano ya zamani, 1966 hadi 1970, na miezi yote tangu tulipofungua upya.

Hii haihesabu mtaa mzima. Inahesabu waliofika mlangoni kwetu tu. Nimemwambia Daktari aliandike hilo juu kabisa.

Jumatatu, 5 Aprili

Shangazi yake Abdulmalik amekuja kuulizia. Kwetu posa haipelekwi kabla ya kuulizia. Hutumwa mtu mzima, mwenye ulimi laini, akazungumze na anayemjua binti: ana tabia gani, ana ugonjwa gani. Kwa kuwa mimi ni nesi, kwa miaka thelathini wameniuliza kuhusu mabinti wa watu wengine. Leo nimeulizwa kuhusu wa kwangu.

Alikula kashata mbili kwanza.

"Binti mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi."

"Hana kifafa, hana pumu, hana maruhani?"

"Maruhani hana," nikasema, "labda hao wanaomvuta kila siku Mtaa wa Kongo." Tukacheka sote, na swali likapita.

Januari Badria alifika zahanati amebanwa. Daktari alikuwa ameitwa kwa mgonjwa. Nilimwekea sikio mgongoni mwenyewe: mluzi, pande zote mbili. Nilimpa vidonge vya kufungua kifua, akapata nafuu, na kwenye kadi yake nikaandika "kifua". Neno hilo si uongo. Kifua ndicho kilichombana.

Ijumaa, 9 Aprili

Ijumaa Kuu, zahanati imefungwa. Mvua kutwa. Nimemaliza daftari la 1970.

Jumanne, 13 Aprili

Nimempa Daktari namba. Zamani: vijana elfu moja na mia tisa, walioanza pumu sita. Sasa: vijana mia sita na ishirini, walioanza pumu kumi na mmoja. Kwa kila vijana elfu, zamani ilikuwa watatu, sasa ni kumi na wanane hivi.

Alipiga kofi mezani. "Mara sita! Sista, ni mitumba hiyo. Ndiyo kitu pekee kipya mtaani. Tangu waruhusu kuagiza kila kitu, watu wanavuta vumbi la nusu ya dunia."

"Redio za Dubai pia ni mpya," nikamwambia, "na hazibani mtu."

Alicheka, lakini kalamu yake ilikuwa imeshaandika mitumba. Mwisho wa Mei atawasomea madaktari wenzake.

Nilirudi nyumbani bila furaha, na sababu naijua.

Alhamisi, 15 Aprili

Niandike sababu.

Mwaka 1965 msichana mmoja wa Mtaa wa Swahili alivunjiwa uchumba kwa sababu mtu alisoma rejista ya zahanati fulani akatangaza. Vijana wa bandarini nao, mpimaji wa afya akiona neno pumu, kazi hakuna. Mama zao wakaanza kuja kwangu mmoja mmoja: "Sista, mwandikie kifua." Daktari Ravindra alikataa kuandika uongo, akakataa pia kumharibia mtu maisha. Akapata njia ya katikati. Tuliandika kifua, na pembeni, karibu na mstari wa pambizo, tuliweka nukta moja ya wino wa kijani. Mgonjwa akirudi, sisi wawili tulijua cha kumpa. Dunia nzima iliona kifua.

Nilipohesabu niliziona hizo nukta. Siwezi kusema sikuziona. Nilijiambia nimetumwa kuhesabu pumu, na hizi zimeandikwa kifua. Mtu aliyesoma hushindwa kwa namna hiyo: anajitafutia sentensi iliyo sahihi akajificha nyuma yake.

Leo nimezihesabu. Zile ambazo ni za vijana, na ni mara yao ya kwanza, ni kumi na saba.

Na moja yao: rejista ya 1966, namba 412. Kuruthumu binti Mwinyimvua, miaka 22. Kifua. Nukta.

Niliitazama mpaka chai ikapoa. Mimi ndiye niliyemfundisha kuinamia meza akivuta pumzi. Mwaka huo huo aliolewa, na mimi nikasahau, kama tulivyokubaliana nisahau. Udi wa Idi. Mlango ulioachwa wazi. Mwanamke wa kwanza kuondoka.

Na Januari, nilipomwandikia Badria, mkono wangu uliifuata kalamu ya kijani wenyewe. Bado iko kwenye droo ile ile.

Jumamosi, 17 Aprili

Badria anasema ni mafua. Ukuta wa chumba chake umeota ukungu. Nimeusugua kwa siki.

Jumatatu, 19 Aprili

Posa imepokelewa. Ndoa baada ya Idi Kubwa. Nyumba imejaa vigelegele na matope.

Ijumaa, 23 Aprili

Jana nilikwenda Kigamboni msibani. Pale Magogoni pantoni ilisimama muda mrefu kwa mvua, nikarudi alasiri nimelowa.

Badria alikuwa amekwenda zahanati nikiwa sipo. Daktari Jyotsna alitoa kadi, akasoma kifua, akasikiliza. Asubuhi ile mluzi haukuwa mkubwa, na Badria akamwambia ana mafua. Amepewa dawa ya kikohozi na ampisilini.

"Ulimwambia unabanwa?" nikamuuliza.

"Mama mkubwa, si imeandikwa kwenye kadi? Wewe ndiye uliyeandika."

Nilitaka kurudi zahanati jioni ile ile. Nilikuwa nimechoka, na nguo mbichi. Nikasema kesho. Leo watu walikuwa wengi, Daktari ana haraka, nikasema Jumamosi.

Jumamosi, 24 Aprili

Naandika saa kumi alasiri.

Wauza mitumba wana desturi yao. Belo likifunguliwa, anayelifungua ndiye anayechagua kwanza, kwa hiyo kila mtu anataka kuwa juu yake kamba inapokatwa. Siku zote hufungua barabarani. Leo mvua ilikuwa kubwa, wakaliingiza belo ndani ya stoo, wakafunga mlango maji yasiingie. Wanawake tisa, mlango mmoja, hakuna dirisha. Badria ndiye aliyeshika kisu.

Saa mbili na robo Zamzam aliingia zahanati bila viatu.

"Mama mkubwa! Badria hasemi! Anataka kusema hasemi!"

Nyuma yake wabeba mizigo wawili walikuwa wanasukuma mkokoteni, na juu ya mkokoteni, chini ya nailoni ya kufunikia nguo, alikuwa mtoto wangu ameketi, mikono imeshika mbao, mabega yamepanda mpaka masikioni. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau mbivu. Nilimwita akanitazama tu. Kutamka jina langu kulihitaji pumzi asiyokuwa nayo.

Tulimketisha. Daktari alikuwa ameshavuta kadi. "Kifua. Juzi nilimpa ampisilini. Ana homa? Itakuwa nimonia hii."

"Daktari, ni pumu."

"Nani kasema?"

"Mimi. Tangu Januari."

Alinitazama. Haikuzidi sekunde moja, kwa kuwa hakukuwa na ya pili ya kupoteza. "Oksijeni," akasema. "Aminofilini. Taratibu, Sista, taratibu sana."

Aliweka kipimo mgongoni, na nikaona uso wake ukibadilika. Nikajua anachosikia: hakuna kitu. Watu hudhani mluzi ukinyamaza mgonjwa amepona. Sivyo. Mluzi unahitaji hewa inayopita. Kifua kikinyamaza kabisa, hewa haipiti hata ya kupigia mluzi, na hicho ndicho kifua cha kuogopa.

Nilisukuma dawa kwenye mshipa kwa dakika ishirini, macho kwenye saa ya ukutani. Ikienda haraka inasimamisha moyo. Ikienda polepole mno mgonjwa anakuponyoka. Mkono wangu wa kulia ulisukuma, wa kushoto ulishika kifundo cha mkono wake, nikihesabu mapigo. Mia na arobaini na nne. Nilitaka kusali, nikaona nikisali nitapoteza hesabu, basi hesabu ndiyo ikawa sala. Nje mvua ilipiga bati hata Daktari ilibidi apaze sauti. Zamzam alikuwa amekaa sakafuni mlangoni, anakamua ncha ya khanga yake, anasema peke yake, "Nilimwambia tusubiri. Nilimwambia tusubiri mvua ikatike."

Daktari akachoma sindano ya pili, ya kutuliza uvimbe wa mapafu, akasikiliza tena. Na tena.

Saa nne kasoro alisema, "Sista, weka sikio."

Niliweka. Mluzi. Mwembamba, mbali, kama birika la jirani. Maisha yangu sijawahi kufurahia sauti mbaya kiasi kile.

Saa tano Badria alisema neno. Alisema, "Belo." Zamzam akalia kwa kicheko. "Nimekuchagulia koti, mwendawazimu wewe! Koti bomba! Nyamaza uvute hewa."

Jumatatu, 26 Aprili

Nimemweleza Daktari Jyotsna yote. Nilimfungulia daftari la 1966 nikamwonyesha nukta, kisha kadi ya Badria.

Aliisogeza kadi dirishani. "Mimi nilidhani wino umedondoka."

"Baba yako aliijua maana yake."

"Baba amekufa, Sista."

Nilimjua alipokuwa anajifunza kutembea kwa kushika miguu ya kiti hiki ninachokalia. Hajawahi kusema nami kwa sauti ile, tulivu na baridi, na alikuwa na haki nayo. Tulichokosea ni hiki, nami nakieleza kama nilivyomweleza: alama inayofahamika na watu wawili hudumu kadiri wawili hao wanavyodumu. Mmoja alikwisha ondoka. Mimi niliendelea kumwandikia marehemu.

"Na ile mara sita yangu?" akauliza.

"Si mara sita."

Alifunga macho kidogo. "Nipe hiyo kalamu ya kijani."

Nilimpa. Aliitia kwenye mfuko wa koti lake, akaita mgonjwa anayefuata.

Jumatano, 28 Aprili

Mvua. Badria anakula uji. Hatujazungumza.

Jumanne, 4 Mei

Nimerudia hesabu. Zamani si sita. Ni sita na nukta kumi na saba, yaani ishirini na watatu. Katika kila elfu, kumi na wawili. Kwa hiyo ongezeko ni la mara moja na nusu tu.

Lakini nukta ziko na upande wa sasa. Tangu tufungue nimeweka nne, kwa mazoea, Badria akiwa mmojawapo. Kumi na mmoja wanakuwa kumi na watano. Katika kila elfu, ishirini na wanne. Sasa ongezeko ni la mara mbili.

Sita, moja na nusu, mbili. Namba tatu, rejista zile zile, mwandiko ule ule. Daktari akaweka kidole kwenye kila moja. "Ipi ya kweli?"

"Ya mwisho ina uongo mdogo zaidi," nikamwambia. "Waliojificha bila kupitia kwangu siwajui."

Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile.

Jumapili, 9 Mei

Badria amekaa barazani asubuhi, mvua imepumzika. Ana pampu ya kuvuta ambayo Daktari amempa, anaigeuzageuza kiganjani.

"Mama mkubwa, nikuulize. Ningekufa Jumamosi ile, ungeandika nini? Kifua?"

"Nilitaka uolewe," nikasema.

"Najua. Lakini anayeolewa ni nani, mimi au kadi?" Hakusema kwa hasira. "Shangazi yake Abdulmalik alipokuuliza, ulimcheka mpaka akasahau. Zamzam kaniambia, alikuwa dirishani. Mimi nitakwenda kwa mama mkwe, nimwambie mwenyewe. Akikataa, amekataa."

"Nikusindikize?"

"Usinisemee. Umenisemea vya kutosha."

Sikumwambia kuhusu namba 412. Nilitamani sana, kwa kuwa ingemrahisishia njia. Lakini siri ile si yangu kuigawa. Niliyakosea maisha ya mtu mmoja kwa kuficha. Nisingeyarekebisha kwa kufichua ya mwingine.

Jumatatu, 10 Mei

Amekwenda, amerudi. Bi Kuruthumu alimsikiliza mpaka mwisho akasema, "Nimesikia." Basi. Akamfungulia mlango.

Jumanne, 11 Mei

Hakuna habari. Badria amefua mashuka ambayo hayakuwa machafu.

Jumatano, 12 Mei

Saa tatu asubuhi nilikuwa nagawa namba kwenye benchi, nikamkuta Bi Kuruthumu amekaa katikati ya watu, mkoba magotini. Nilitaka kumpitisha ndani kwa heshima. Akakataa, akachukua namba yake, kumi na nne, akasubiri zamu.

Zamu yake ilipofika alifunga mlango mwenyewe. Tulikuwa watatu, pamoja na Daktari.

"Da Siwema, shikamoo."

"Marahaba, Bi Kuruthumu."

"Mtoto wako ana moyo kuliko mimi." Alivua mtandio, akaukunja mara nne. "Mimi uliniandika nini, mwaka ule?"

"Kifua."

"Kifua." Alicheka mpaka akakohoa, na ndani ya kikohozi nikausikia ule mluzi, mzee sasa, wenye makazi yake. "Kifua changu kina miaka ishirini na saba. Mume wangu anadhani nina maringo. Mawifi zangu wanadhani nina maringo. Nikitoka harusini udi unapowashwa, nasikia wananisema mpaka kona. Nimewaacha. Maringo hayavunji ndoa."

Daktari alisogeza kiti. "Mama, ilianza lini hasa?"

"Sikuwa nayo utotoni. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nachambua sufi kwa mjomba wangu, mtengeneza magodoro, hapa Mtaa wa Mchikichi. Sufi ile inapepea, unaila, unaivuta. Wasichana sita tulikuwa chumbani. Wawili tulibanwa."

Kalamu ya Daktari ilisimama. Nilijua amesikia nilichosikia. Mitumba haikuwepo mwaka 1966. Sufi ilikuwepo, na chumba kilichofungwa, na vijana wanaohitaji kazi. Kila zama huleta vumbi lake Kariakoo.

Daktari alimfundisha kutumia pampu: toa pumzi yote, weka mdomoni, bonyeza unapovuta, zuia mpaka kumi. Bi Kuruthumu alivuta. Akakaa. Baada ya dakika chache alivuta hewa ya kawaida, ndefu, akatushangaa sote wawili, machozi yakamlengalenga.

"Ndivyo mnavyovuta ninyi?" akauliza. "Siku zote?"

Alipofika mlangoni aligeuka. "Da Siwema, uniandike upya. Na yule mtoto mwambieni aache kulia. Nilisema nimesikia kwa sababu sikuweza kusema zaidi, pumzi ilinikata. Mwanangu hana mke mwingine."

Nilichukua kalamu nyeusi. Namba 412, 1966. Pumu, imeanza ukubwani. Halafu kadi ya Badria, maneno yale yale.

Jumatatu, 17 Mei

Badria amerudi kazini. Zamzam anafungua belo, nje, naye Badria anafika vumbi likishatua. Amepoteza haki ya kuchagua kwanza. Ananung'unika kutwa. Namwacha anung'unike; inahitaji pumzi.

Jumatatu, 24 Mei

Mvua inakonda. Jua kwa saa mbili.

Jumamosi, 29 Mei

Daktari Jyotsna amewasomea wenzake. Alianza kwa kusema hesabu inawahusu waliofika mlangoni kwetu tu. Akawaambia zamani kumi na wawili katika elfu, sasa ishirini na wanne, na akawaeleza nukta za kijani bila kutaja jina la mtu. Mmoja alicheka. Mzee mmoja wa nyuma hakucheka. Alimfuata baadaye akamwambia yeye alikuwa akiweka msalaba mdogo badala ya nukta.

Daktari amenirudishia kalamu ya kijani, kwa kumbukumbu ya baba yake. Wino nimeutoa.

Jumamosi, 12 Juni

Hesabu imeisha, na mvua. Hii ni siku ya mwisho ninayoiandika.

Ndoa imefungwa leo. Nyumba yangu ilijaa wanawake kuanzia ukumbini hadi uani. Hapakuwa na udi. Badria alisema hivyo wiki nzima na wazee wenzangu walinung'unika wiki nzima: harusi bila udi ni kama mkutano wa chama. Tulitandaza asumini kila mahali, kwenye sinia, kwenye nywele, juu ya mito. Wakazoea. Zamzam alivaa lile koti la belo juani, akacheza nalo mpaka likalowa jasho.

Chakula kililiwa, sinia zikaoshwa, mashangazi wakaaga mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa natafuta ndala zangu chini ya kochi nilipoona miguu miwili yenye hina bado imekaa pale pale ilipokaa tangu asubuhi.

Bi Kuruthumu aliondoka wa mwisho.